Pedali Iliyogeuka Jiwe

Taarifa ya Mkaguzi wa Magari ilikuwa na mistari sita, na mitatu kati ya hiyo ilibeba tarehe, anwani na cheo chake mwenyewe. Inspekta aliisoma mara mbili akiwa amesimama katika ua wa kituo, saa tatu asubuhi, kisha akaikunja pembe kwa pembe, taratibu, kama mtu anayekunja kitambaa alichofutia kitu kibaya.

"Breki nzima," alisema. "Maneno mawili."

"Ulitaka mangapi?" Mkaguzi alikuwa ameliegemea gari lenyewe, njiti ya kiberiti ikicheza kati ya meno yake. "Nimelijaribu juzi. Nimekanyaga, limesimama. Miaka kumi na tisa niko kwenye kazi hii, mama. Breki ikishika imeshika."

"Uliliendesha umbali gani?"

"Kutoka pale," akaonyesha kwa njiti, "hadi pale."

Inspekta alipima kwa macho. Zilikuwa hatua kumi na tano, labda kumi na sita kwa mtu mfupi.

Gari lilikuwa dogo, jeupe, la kusambazia dawa madukani. Siku tatu zilizopita, saa saba mchana, lilishuka mteremko wa barabara ya hospitali likashindwa kusimama, likapanda ukingo na kuingia katika ukuta wa duka la pembeni, mahali ambapo mshona viatu mmoja alikuwa ameketi kila siku kwa miaka kumi na miwili. Mshona viatu alifariki kabla ya jioni. Dereva alikuwa mahabusu, nyuma ya ua huo huo, na saa nane mchana wa leo angepandishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuendesha ovyo na kusababisha kifo. Kwenye benchi la langoni aliketi dada yake mkubwa. Siku ya kwanza dada huyo alilia. Siku ya pili aliacha kulia akaanza kuuliza maswali, na askari wa zamu walikuwa wakikubaliana kwamba afadhali angeendelea kulia.

"Dereva ameeleza hivi," Inspekta alisema, akafungua jalada. "'Mara ya kwanza ilishika. Mara ya pili ilishika kidogo. Mara ya tatu pedali ikawa jiwe.' Wewe umelipigia mstari neno jiwe mbele ya macho yake, ukaweka na alama ya mshangao."

"Kwa sababu nilishangaa!" Mkaguzi alicheka, akamtafuta mtu wa kucheka naye, asimpate. "Sikiliza, nikufundishe. Breki zikifa, mafuta yamevuja, pedali inashuka hadi chini. Mguu unazama kama umekanyaga uji. Kila dereva mwongo analijua hilo. Huyu hata kudanganya hajui. Eti jiwe! Na barabarani hakuna alama ya tairi hata moja. Hakukanyaga kitu. Alikuwa kwenye simu."

"Simu yake ilipatikana wapi?"

"Mfukoni."

"Kwa hiyo alikuwa akiongea na mfuko."

Mkaguzi aliitoa njiti mdomoni, akaitazama, akairudisha.

Inspekta alifungua mlango wa dereva na kuchuchumaa. Hakugusa kitu mpaka alipomaliza kupiga picha. Kisha aliweka kiganja kwenye mgongo wa kiti na kuusukuma. Ulikuwa umelegea, umepinda kwa nyuma, chuma chake cha upande wa kulia kimejikunja.

"Gari likigonga ukuta kwa mbele, aliyeketi ndani huenda upande gani?"

"Mbele. Hata mtoto anajua."

"Basi nani amekivunja kiti kwa nyuma?"

"Kiti cha zamani hicho."

"Daktari ameandika kwamba dereva ana mvilio wa damu chini ya unyayo wa kulia. Unyayo nao ni wa zamani?" Alisimama, akakung'uta magoti. "Mtu aliyekanyaga pedali kwa nguvu zote, huku mgongo wake ukisukuma kiti mpaka chuma kikapinda, umemwandika kuwa hakukanyaga. Ingia ndani."

"Mimi?"

"Mguu wako ndio ulioandika taarifa. Acha uendelee na kazi."

Boneti ilikuwa imepinda upande wa kushoto, lakini ilifunguka. Ukuta ule ulikuwa umepakwa chokaa, na nusu ya chokaa hiyo ilikuwa imeingia humo kupitia taa iliyopasuka. Vumbi jeupe lilikuwa limetanda juu ya injini, betri na nyaya, kila mahali. Rejeta ilikuwa nzima. Nyuma kabisa, mbele ya miguu ya dereva, lilikaa bakuli jeusi la chuma ambalo mafundi huliita busta. Kazi ya busta ni moja: kuuongezea mguu nguvu. Injini inapounguruma hufyonza hewa kutoka katika busta kupitia mpira mmoja mnene, na mvuto huo ndio unaoifanya pedali iwe nyepesi kwa mtu yeyote, hata bibi kizee. Mvuto ukikatika, breki zinabaki, lakini zinabaki kwa mwenye miguu ya tembo.

"Injini imezimwa," Inspekta alisema. "Kanyaga mara tano. Vizuri. Sasa kanyaga, uishikilie hapo hapo, uwashe."

Injini iliwaka kwa kukohoa.

"Imefanya nini?"

"Imeshuka kidogo chini ya mguu." Uso wa Mkaguzi ulichanua. "Busta inafanya kazi! Si nilikuambia? Tungekuwa tumeshakunywa chai saa hizi."

"Acha injini iungurume."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ipate moto kama iliokuwa nao saa saba mchana, baada ya kuzunguka maduka ishirini na moja."

Walingoja. Mkaguzi aliuliza kama petroli hiyo italipwa na serikali. Aliuliza kama Inspekta alisomea upelelezi au upishi. Dada wa dereva aliinuka kwenye benchi, akaja polepole, akasimama hatua nne kutoka kwenye gari, mikono ameifungia kifuani.

"Mdogo wangu alilisema hili," alisema. "Tangu gari lilipotoka gereji, wiki tatu zilizopita. Asubuhi liko sawa, mchana linakaza. Alimwambia tajiri wake, tajiri akampigia yule fundi wanayemwita Profesa. Unajua Profesa alijibu nini? 'Mwambie dereva wako ale vizuri, apate nguvu za miguu.' Walicheka kwenye simu, mdogo wangu amesimama pale pale, anasikia."

"Wiki tatu zilizopita walibadilisha nini?"

"Mpira. Alisema mpira wa zamani ulikuwa umepasuka, wakamwekea mwingine. Zaidi ya hapo sijui, mama. Mimi ni mkunga."

"Umeeleza vizuri kuliko mkaguzi," Inspekta alisema, bila kupunguza sauti.

Ilipotimia dakika ya thelathini na tano, joto la injini lilikuwa linamfukuza mtu usoni. Inspekta alimwamuru Mkaguzi akanyage na kuachia, mara tatu, akitaja kila mara anachokisikia.

"Moja. Inashika. Mbili... inashika, lakini..." Alikanyaga tena. Bega lake lilipanda, shingo ikatoa mshipa, na mgongo wa kile kiti kilicholegea ukalia. "Imekuwa ngumu."

"Ngumu kama nini?"

Mkaguzi aliitema njiti.

"Ngumu kama nini, Mkaguzi? Nahitaji neno la kuandika."

Injini iliunguruma. Dada wa dereva alikuwa akimtazama mdomo.

"Kama jiwe," alisema Mkaguzi.

Inspekta alikuwa tayari ameinama juu ya injini na kamera. Mpira wa busta, ambao dakika arobaini zilizopita ulikuwa mviringo mzuri, ulikuwa umelala bapa katikati, pande zake mbili zimebanana kama midomo ya mtu aliyenuna. Hapakupita hewa hapo. Alipiga picha nane, akaamuru injini izimwe. Baada ya robo saa mpira ulikuwa umepoa na kurudi katika umbo lake, hauna hatia yoyote.

"Mpira wa busta huwa na kuta nene, na nyuzi ndani yake, usibonyee ukifyonzwa," alisema. "Huu ni mpira wa maji. Ukiwa baridi unavumilia. Ukipata moto unalainika, unafyonzwa, unajifunga. Ndani ya busta inabaki akiba ya kukanyaga mara moja, au moja na nusu. Ya tatu ni jiwe. Na kwa kuwa mguu mtupu haukuweza kufunga magurudumu, hapakuwa na alama za tairi. Dereva alieleza kwa sentensi tatu fupi jambo ambalo wewe umelikosa kwa miaka kumi na tisa."

Mkaguzi alishuka kwenye gari akichechemea.

Kabla ya kuufungua mpira, Inspekta aliikagua klipu iliyoubana upande wa injini. Juu ya kichwa cha skrubu palikuwa na tone la rangi ya waridi, linang'aa, nono kama tone la asali. Vumbi la chokaa lilifunika kila kitu kulizunguka. Juu ya tone lenyewe halikuwapo. Alilisogelea kwa kioo cha kukuzia, akalitazama muda mrefu, kisha akalichokoa pembeni kwa ncha ya wembe. Chini ya waridi palikuwa na weupe. Chini ya weupe palikuwa na zambarau.

Aliiweka klipu katika mfuko wa ushahidi, mpira katika mfuko mwingine, akaandika saa: nne na dakika ishirini na tano.

"Twende gereji," alimwambia Mkaguzi. "Wewe utabeba mifuko."

Gereji ya Profesa ilikuwa safi kuliko zahanati nyingi. Spana zilipangwa ukutani kwa ukubwa, kila moja ikiwa juu ya kivuli chake kilichochorwa kwa rangi; sakafu ilifagiliwa; na juu ya rafu ndogo, karibu na picha ya Profesa akipokea cheti, zilisimama chupa nne za rangi ya kucha, kila moja na kibandiko chenye jina la utani la fundi. Mwenyewe alitoka ofisini akiwa amevaa koti jeupe lenye kalamu tatu mfukoni.

"Karibu, dada yangu! Nimesikia habari za yule dereva. Huzuni kubwa. Lakini nitasema wazi, gari unampa mtu, akili humpi."

"Nieleze kuhusu chupa hizi."

Alikuwa ameombwa jambo alilolipenda. Alieleza kwa dakika nne. Mtu mwingine, alisema, anafunga skrubu na kuondoka kama mnyama. Hapa kwake, kila fundi alipewa rangi yake, na kila skrubu iliyokazwa ilitiwa tone. Skrubu ikilegea, tone linapasuka, linaonekana. Kazi ikiharibika, rangi inamtaja aliyeifanya. Rangi ya kucha aliichagua kwa sababu haiyeyuki kwa mafuta na ina brashi yake ndani. Wenzake walimcheka, leo wanamwiga.

"Hakuna skrubu inayotoka hapa uchi," alimalizia.

"Yako ni ipi?"

"Zambarau. Rangi ya wafalme." Alicheka. "Mimi nafanya kazi nyeti tu."

"Na waridi?"

Alitikisa kichwa kwa huzuni iliyoandaliwa mapema. "Nusu-inchi. Kijana mwenye mikono mizuri, kichwani upepo. Nilimfukuza wiki mbili zilizopita. Kwani umeona waridi mahali?"

"Kwenye klipu ya mpira wa busta."

"Unaona!" Profesa alimgeukia Mkaguzi, mtaalamu kwa mtaalamu. "Mfumo umemtaja. Mimi mwenyewe nina uchungu, lakini mfumo hauna undugu."

Mkaguzi alianza kutikisa kichwa kukubali, akamwona Inspekta, akaacha.

Nusu-inchi hakuwa mbali. Alikuwa ng'ambo ya barabara, akiziba matairi chini ya turubai, mtu mzima wa miaka arobaini ambaye Profesa alimwita kijana kwa sababu alikuwa mfupi. Inspekta alimwita avuke, akavuka na tairi mkononi.

"Uliondoka hapa lini?"

"Miezi miwili sasa, afande. Na sikufukuzwa. Nilimwambia mpira wa maji usiwekwe mahali pa mpira wa mvuto, kwenye gari jingine kabla ya hilo. Akaniambia mpira ni mpira, mimi nijifunze kwanza kufikia boneti." Aliangalia rafu. "Hata chupa yangu aliibakiza. Alisema rangi ni mali ya gereji."

"Mwongo!" Profesa alisema. "Wiki mbili! Afande, utamwamini mtu wa pancha?"

"Sihitaji kumwamini mtu yeyote," Inspekta alisema. "Gari liliburutwa na nani kutoka ukutani mpaka kituoni?"

"Na mimi. Kwa kujitolea! Sikudai hata asante."

"Liliondoka kwenye ajali saa nane na robo. Kitabu cha langoni kinaonyesha liliingia kituoni saa kumi kasoro robo. Ni mwendo wa dakika kumi."

"Foleni."

Inspekta alivaa glavu, akaishusha chupa ya waridi kwenye rafu, akaifungua juu ya karatasi nyeupe. Brashi ilitoka na uzi mrefu wa rangi. Kwenye ncha yake, nywele zilikuwa zimegandamana kwa chembe nyeupe, na chembe nyingine zilielea ndani ya chupa kama chumvi iliyokataa kuyeyuka.

"Kwenye ile skrubu," alisema, "kuna zambarau. Juu ya zambarau kuna chokaa ya ule ukuta. Juu ya chokaa kuna waridi. Zambarau ilitiwa kabla ya ajali, na waridi baada yake. Aliyetia waridi alichovya brashi, akaigusisha kwenye vumbi la ukuta alipoketi mshona viatu, akairudisha brashi katika chupa hii, na chupa akairudisha kwenye rafu hii, kibandiko kikitazama mbele. Nusu-inchi awe aliondoka miezi miwili au wiki mbili, siku ya ajali hakuwa na ufunguo wa hapa. Nani anao?"

Profesa alifungua mdomo. Kalamu zake tatu zilipanda na kushuka kifuani.

"Mtu anaweza... kuna mtu anaweza kuwa aliingia..."

"Jambo moja tu silielewi," Inspekta alisema, akifunika chupa. "Ungeikwangua ile zambarau kwa ncha ya wembe, ukaiacha skrubu tupu. Leo ungeniapia kwamba kazi hiyo haikutoka hapa, nami ningekuwa natafuta fundi asiyejulikana katika gereji zote za mji huu. Kwa nini hukufanya hivyo?"

Profesa alijinyoosha. Uso wake ulijaa karaha ya kweli, ya mtu aliyetukaniwa ukoo.

"Skrubu tupu?" alisema. "Itoke mkononi mwangu?"

Alilisikia neno hilo likimalizika. Nusu-inchi alilaza tairi sakafuni. Mkaguzi, bila kuambiwa, alifungua mfuko wa tatu na kuushikilia mdomo wazi ili chupa itiwe ndani.

"Chukua koti lako," Inspekta alimwambia Profesa. "Hapana, umeshalivaa. Twende."

Saa saba na nusu alikuwa amezungumza na mwendesha mashtaka, ambaye aliuliza maswali mawili na kusema shauri la dereva lisipelekwe. Mkaguzi aliketishwa kwenye meza ya zamu na karatasi mpya. Aliandika mistari sita na kuinua kalamu.

"Endelea," Inspekta alisema. "Hujafika hata kwenye injini."

Taarifa iliisha katika kurasa mbili na nusu. Dereva alipotolewa, akikanyagia ukingo wa mguu wa kulia, Inspekta alimpa nakala aisome kabla ya kutia sahihi kwamba amearifiwa. Aliisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari, dada yake akiwa amemshika mkono kana kwamba wangeweza kumrudisha ndani. Kwenye ukurasa wa pili kidole kilisimama.

"Dada," alisema. "Wameandika jiwe."

"Nimeona."

"Hawajapiga mstari."

Alitia sahihi. Kisha aliuliza mshona viatu atazikwa saa ngapi, na kama wafiwa watamruhusu kusimama hata nyuma kabisa. Inspekta alimwambia hilo halimo katika mamlaka yake, akampa karatasi ile ile aende nayo.

Walitoka kwa miguu. Dada alisimamisha gari la abiria la kwanza lililopita, akainama dirishani, na kabla ya kumruhusu mdogo wake apande, akamuuliza dereva wa gari hilo breki zikoje mchana.